Fisi Hana Wakili

Katika ngano zote nilizozisikia utotoni, na baadaye kuzifundisha, sijapata kukutana na fisi aliyefika mwisho wa hadithi akiwa na heshima yake. Yeye ndiye mlafi, ndiye mwoga, ndiye mjinga anayedanganywa na sungura mchana kweupe. Akifika njia panda, na harufu ya nyama ikamjia kutoka pande zote mbili, hutaka kuzifuata njia zote kwa pamoja mpaka akapasuka. Ndiyo maana tukasema njia mbili zilimshinda fisi. Hakuna aliyewahi kumwuliza fisi kama mambo yalikuwa hivyo. Fisi hana wakili.

Mwaka 1994 hukumu hiyo ya kijijini ilitangazwa ulimwengu mzima. Kampuni ya Disney ya Marekani ilitoa filamu ya katuni iitwayo The Lion King, ambayo imesheheni majina ya Kiswahili: shujaa wake ni Simba, mshauri mwenye hekima ni Rafiki, ngiri ni Pumbaa, na mmoja wa fisi akapewa jina la Shenzi. Filamu hiyo ilivuna zaidi ya dola milioni 700 katika maonyesho yake ya awali, na ilipotengenezwa upya mwaka 2019 ikavuna zaidi ya dola bilioni 1.6. Ilifika hata kwetu Mtwara, katika vibanda vya video, ambako watoto waliishangilia kwa sababu walisikia watu wa mbali wakitamka maneno ya nyumbani kwao.

Kabla ya kuitengeneza, wachoraji wa filamu hiyo walikwenda Chuo Kikuu cha California huko Berkeley, ambako wanasayansi walikuwa wakifuga fisi madoa kwa ajili ya utafiti. Wanasayansi wale waliwaomba wasimchore fisi kwa ubaya. Ombi halikufua dafu. Fisi walitoka waroho, wajinga na vibaraka wa dhalimu. Mtafiti mmojawapo, Laurence Frank, alipoorodhesha mambo ambayo mtu anaweza kufanya ili kusaidia kuhifadhi fisi, aliweka humo kuisusia filamu hiyo. Na wanasayansi walikuwa na haki ya kulalamika. Hans Kruuk, aliyewachunguza fisi wa Serengeti na Ngorongoro katika miaka ya 1960 na kuchapisha kitabu chake mwaka 1972, alionyesha kwamba fisi huwinda mwenyewe sehemu kubwa ya chakula chake, na kwamba kule Ngorongoro mara nyingi ni simba aliyekuja nyuma na kunyang'anya mzoga ulioangushwa na fisi. Yaani mfalme ndiye aliyekuwa mdokozi!

Msomaji atacheka, na mimi pia nacheka. Fisi hasomi magazeti, wala hana wakwe wa kuwaonea haya. Lakini nikiisha kucheka hubaki na swali ambalo si la kuchekesha. Mtunga hadithi anadaiwa nini na yule anayemsimulia, iwapo anayesimuliwa si mnyama wa porini, bali ni mtu mwenye jina, mwenye watoto, mwenye kijiji cha kurudi jioni?

Nadhani wazee wetu walilifikiri swali hili kabla yetu, ingawa hawakuliandika. Walijua kwamba jamii haiwezi kuishi bila kusemana. Mlafi lazima asemwe, mchoyo lazima asemwe, mkubwa anayeonea watu lazima asemwe zaidi ya wote. Basi wakatafuta namna za kusema bila kumwua mtu. Mimi nazihesabu tatu.

Ya kwanza ni ngano. Ubaya wa jirani ulibebeshwa fisi, hila zake zikabebeshwa sungura. Aliyekuwa na masikio alisikia, na aliyeguswa alijikuna kimya kimya. Hakuna aliyeweza kusimama na kusema, “Mmenitukana,” maana angekuwa amejitaja mwenyewe. Ya pili ni kinyago. Katika ngoma ya mapiko ya Wamakonde, mchezaji hujifunika mwili mzima na kuvaa kinyago kichwani: mara Mhindi wa dukani, mara mzungu wa boma, mara mwanamke mwenye ndonya. Anayeigizwa ni aina ya watu, wala si fulani bin fulani. Ya tatu ni utani. Hapa jina hutajwa wazi, na maneno yaweza kuwa makali sana. Mtani hufika hata msibani akaigiza mwendo wa marehemu na ubahili wake, na wafiwa wakacheka huku machozi yakiwatoka. Lakini utani una sheria yake: wewe unanisema leo, mimi nitakusema kesho. Uwanja ni mmoja, na kila mtu ana zamu.

Sitara ya mnyama, sitara ya kinyago, na haki ya kujibu: hizo ndizo namna tatu. Tazama sasa jinsi tamthilia za televisheni za siku hizi, zile zinazojengwa juu ya visa vya kweli, zilivyoziacha zote tatu. Mnyama hayupo, kinyago hakipo, na anayesemwa hana zamu.

Jambo hili lina umri mkubwa kuliko televisheni. Mwaka 1932 kampuni ya MGM ya Marekani ilitoa filamu juu ya Rasputin, yule mtu aliyejipatia nguvu katika jumba la mfalme wa mwisho wa Urusi. Ndani yake alikuwamo binti wa ukoo wa kifalme aliyeitwa Natasha, aliyeonyeshwa kuwa alivunjiwa heshima yake na Rasputin. Irina Yusupov, ambaye mumewe alikuwa mmoja wa waliomwua Rasputin, alikuwa hai. Alisema kwamba Natasha ni yeye: jina limebadilishwa, lakini alama zote zimeachwa. Mahakama ya London ilikubaliana naye mwaka 1934, akapewa fidia ya pauni 25,000. Kesi hiyo ndiyo iliyowazoesha wenye filamu kuweka lile tangazo kwamba wahusika wote ni wa kubuni.

Mwaka 2020 ilitoka tamthilia iitwayo The Queen's Gambit, hadithi ya kubuni kuhusu msichana hodari wa sataranji. Katika sentensi moja tu, mtangazaji ndani ya hadithi alimtaja Nona Gaprindashvili wa Georgia, akasema hajawahi kukabiliana na wanaume. Nona ni mtu wa kweli, mwanamke wa kwanza duniani kupewa cheo cha juu kabisa cha mchezo huo, na kufikia mwaka 1968, ambao ndio mwaka unaosimuliwa, alikuwa amekwisha kucheza na wanaume wasiopungua 59. Alishtaki mwaka 2021, akiwa na umri wa miaka 80. Wenye tamthilia walijitetea kwamba kazi yao ni ya kubuni. Januari 2022 jaji alikataa kuifuta kesi kwa hoja hiyo, na mwezi Septemba mwaka huo pande mbili zikapatana.

Halafu mwaka 2024 ikatoka Baby Reindeer, kisa cha kijana aliyeandamwa na mwanamke. Mwanzoni mwake watazamaji waliambiwa kwamba hiki ni kisa cha kweli. Watu wakaingia kumtafuta mwanamke huyo kwenye mitandao, na haukupita muda mrefu wakampata mmoja wakasema ndiye. Yeye akashtaki, akidai kwamba ameonyeshwa kuwa amefungwa jela kwa makosa ambayo hakuwahi kutiwa hatiani kwayo. Septemba 2024 jaji wa Los Angeles aliruhusu madai yake ya kashfa yaendelee, na moja ya mambo aliyoyapima ni lile tamko la mwanzo. Kusema “kisa hiki kimetokana na ukweli” ni jambo moja. Kusema “kisa hiki ni kweli” ni jambo lingine kabisa.

Kwetu Afrika Mashariki tuna mfano bora kuliko hiyo yote, nao ni wa zamani. Ebrahim Hussein alipochapisha tamthilia yake ya Kinjeketile mwaka 1969, alimchukua mtu wa kweli: Kinjeketile Ngwale wa Ngarambe, aliyenyongwa na Wajerumani mwezi Agosti 1905, Vita ya Majimaji ilipokuwa inaanza. Lakini mwandishi hakutuficha kitu. Katika utangulizi wake alieleza kwamba Kinjeketile wa jukwaani ni kiumbe wa sanaa, si yule wa historia. Nimekifundisha kitabu hicho kwa miaka mingi, na naungama kwamba utangulizi ule ndio uliokuwa mgumu kuingia vichwani. Wanachuo waliisoma tamthilia, wakaipenda, na walipofika kwenye mtihani wa historia wakaandika mawazo ya mhusika kana kwamba yamechimbuliwa kwenye kumbukumbu za Wajerumani. Hapo nikajifunza kwamba hata mwandishi mwaminifu akisema wazi, hadithi nzuri hulishinda onyo lake. Picha hukaa moyoni pale ambapo maneno ya utangulizi hayafiki.

Na marehemu je? Sheria tuliyorithi kwa Waingereza haimruhusu aliyekufa, wala watoto wake kwa niaba yake, kudai fidia ya kashfa. Filamu ya The Last King of Scotland ya mwaka 2006, iliyopigwa nchini Uganda, inamwonyesha Idi Amin. Yeye simtetei; ushahidi wa damu aliyoimwaga ni mwingi, na sisi Watanzania tuliulipia wakati wa vita ya mwaka 1978 na 1979. Lakini ndani ya filamu yumo Kay, mke wa kweli wa Amin, aliyekufa kifo cha kutisha mwaka 1974. Anaonyeshwa akizini na daktari Mskochi, Nicholas Garrigan, ambaye hakuwahi kuishi duniani. Mtu wa kweli akapewa mpenzi wa kubuni, na dhambi ya kubuni. Hakuna mahakama itakayomsikiliza Kay, lakini sidhani kwamba deni hufutika kwa sababu tu mdai amezikwa.

Labda msomaji ataona kwamba haya ni mambo ya matajiri na mawakili wa Marekani, kwetu hayatuhusu. Nitaeleza basi jambo lililotokea huku kwetu.

Kuanzia mwaka 1990 hadi 2004 simba waliwaua Watanzania wasiopungua 563 na kuwajeruhi 308; hesabu hiyo ilichapishwa katika jarida la Nature mwaka 2005. Sehemu kubwa ya misiba hiyo ilitokea mikoa ya kusini mashariki. Watafiti walieleza sababu: wanyama wa kuliwa na simba walikuwa wamepungua, nguruwe pori walikuwa wakishambulia mazao, na wakulima walilazimika kulala shambani katika madungu ili kuyalinda. Nguruwe aliifuata mihogo, simba akamfuata nguruwe, akamkuta binadamu. Lakini vijijini watu wengi walikuwa na maelezo mengine. Simba huyu, walisema, si wa Mungu, ana mwenyewe. Na palipo na mwenyewe, hapakosi mtu wa kunyoshewa kidole.

Mwaka 1999 nilikuwa nikikagua wanachuo wetu waliokuwa mazoezini katika shule za msingi za bonde la Ruvuma, kuelekea kule mto unakoingia baharini. Kijiji sitakitaja, wala kikundi kilichohusika. Kilikuwa kikundi cha maigizo kilicholetwa kuelimisha watu, na nia yake ilikuwa njema: wanakijiji walinde mashamba kwa zamu, watoto wasitembee peke yao jioni. Siku ya kwanza waigizaji walizunguka wakikusanya visa. Siku ya pili, mbele ya shule, walitoa mchezo wao. Ulikuwa mchezo mzuri, na watu walicheka na kupiga vigelegele. Ili kuutia ladha, ndani yake waliweka ajuza mwenye simba. Jina lake lilikuwa la kubuni. Lakini ajuza yule alikaa mwisho wa kijiji, aliburuta mguu wa kushoto, na aliuza chumvi ya kuchemsha. Katika kijiji kile wauza chumvi walikuwa wengi, lakini mwenye kuburuta mguu wa kushoto alikuwa mmoja, naye alikuwa ameketi pale miongoni mwa watazamaji.

Kikundi kilipanda gari kikaenda zake. Tangu kesho yake watoto wakamwita bibi yule kwa jina la mchezoni. Wanunuzi wa chumvi wakapungua, kisha wakaacha kabisa. Usiku mawe yalianza kuanguka juu ya paa lake. Nilikwenda kumwona pamoja na mwalimu mkuu wa shule. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia, akatukaribisha mkekani. Hakulia. Aliniambia hivi: “Mwalimu, wale wana ngoma na vipaza sauti. Mimi nikitaka kujibu, nijibie wapi?”

Tulizungumza na mwenyekiti wa kijiji, naye alikemea mawe, yakakoma kwa muda. Mwishowe mjukuu wake alimchukua akamhamishia mjini. Aliiacha nyumba, minazi na kaburi la mumewe. Hakuna aliyemtaja jina, hakuna aliyekusudia kumdhuru, na hakuna aliyeshtakiwa. Katika siku za simba wale, uvumi wa namna hiyo ungeweza kumgharimu mtu maisha yake.

Tangu hapo nimeamini kwamba swali lake ndilo kiini cha jambo lote. Irina Yusupov aliuliza hilo hilo, isipokuwa yeye alikuwa na uwezo wa kulipa wakili wa London. Utani ni halali kwa kuwa ninayemsema ana pa kunijibia. Ngano ni halali kwa kuwa fisi haendi sokoni kuuza chumvi. Anayetumia sura ya mtu aliye hai, mbele ya umati, na kumnyima pa kujibia, amechukua kitu ambacho si chake, hata kama alichosema ni kidogo na nia yake ni safi.

Lakini hapa lazima nijizuie, maana upande wa pili una hoja nzito. Tukisema kwamba visa vya kweli visiigizwe, nani atafurahi? Watafurahi wenye nguvu. Amin mwenyewe, mtengenezaji wa filamu Barbet Schroeder alipotoa picha yake mwaka 1974, alitaka sehemu fulani zikatwe, na akawazuia Wafaransa waliokuwa Uganda mpaka akatimiziwa. Mdhalimu naye husema anachafuliwa jina. Tena kuna tamthilia zilizosafisha majina. Huko Uingereza, kati ya mwaka 1999 na 2015, mawakala zaidi ya 900 wa posta walitiwa hatiani kwa wizi na udanganyifu, kumbe kosa lilikuwa la programu ya kompyuta iitwayo Horizon. Magazeti yaliandika, mahakama zikasikiliza baadhi, lakini umma ulikuwa umelala. Mwezi Januari 2024 televisheni ya ITV ilionyesha tamthilia juu ya watu hao, yenye majina ya kweli. Nchi ikaamka, na kufikia mwezi Mei bunge lilikuwa limepitisha sheria ya kufuta hukumu zile kwa mkupuo. Chombo kile kile kilichomfukuza bibi yule kijijini kiliwarudishia wengine heshima yao.

Kwa hiyo sisemi visa vya kweli visiguswe. Nasema vina deni, na deni hilo ninalipima kwa mambo matatu. La kwanza, anayetia chumvi aseme kwamba ametia chumvi, na aseme mwanzoni, si mwishoni wakati watu wanakunja mikeka. Kampuni iliyotoa tamthilia ya When They See Us ilipopatana mwaka 2024 na Linda Fairstein, aliyekuwa mwendesha mashtaka, moja ya masharti lilikuwa kulihamisha onyo kutoka mwisho wa tamthilia kuja mwanzo. Ni jambo dogo, lakini ni la haki. La pili, uzito wa ushahidi ulingane na uzito wa tuhuma. Kumbunia mtu kanzu ya kijani si neno. Kumbunia jela, uzinzi au uchawi ni jambo ambalo sanaa haiwezi kuwa kisingizio chake. La tatu, kipimo cha nguvu. Waziri ana redio, kampuni ina mawakili. Hao wasemwe kwa ukali, mradi iwe kweli. Mnyonge asiye na pa kujibia afunikwe zaidi: abadilishwe jina, na mguu, na mlango, na biashara, mpaka yeye mwenyewe akiwa amekaa kwenye umati asijitambue.

Mtu atasema kwamba mchezo utapoteza ladha. Yawezekana. Lakini ladha iliyopatikana kwa mguu wa bibi mmoja ilikuwa ya saa moja tu, naye aliilipia kwa siku zake zote zilizobaki. Mpishi asiyeweza kupika bila kuchukua chumvi ya jirani pasipo idhini hajajua kupika.

Najua pia kwamba masharti haya hayatoshi. Onyo la mwanzo husahauliwa, kama wanachuo wangu walivyousahau utangulizi wa Hussein. Ndiyo maana sehemu ya deni hili huwaangukia watazamaji. Hatuwezi kuwalaumu watunzi peke yao ikiwa sisi wenyewe, taa zikizimwa, tunawasha simu kumsaka mhusika aliko. Mtoto anayejifunza kusoma afundishwe pia kuuliza maswali matatu: Nani anasema? Amejuaje? Na anayesemwa, amepewa zamu yake? Maswali hayo hayahitaji vitabu vya bei, yanaweza kuulizwa chini ya mwembe. Darasa likianza na fisi si vibaya, maana yeye hatashtaki mtu, na Ngorongoro ipo kwa anayetaka kwenda kuhakikisha. Lakini lisiishie kwa fisi.